Upepo Ukifika Ukingoni

Hotuba kwa wanafunzi wa klabu ya sayansi, Iten

Mwalimu Mkuu, walimu wenzangu, wazazi mlioacha kazi za shamba asubuhi hii mkaja, na ninyi vijana: hamjambo. Itifaki imezingatiwa.

Nimekuja na ndege. Mmeniona nikiishusha kwenye gari, na nimewasikia mkinong'onezana kwamba ni droni. Si droni. Droni hujining'iniza hewani kwa nguvu ya betri, na betri ikiisha, safari imeisha. Hii ni glaida. Mabawa yake ni mita mbili kutoka ncha hadi ncha, uzito wake haufiki kilo moja, na mwili wote ni povu gumu, jamaa ya lile jeupe linalokuja ndani ya katoni ya televisheni. Puani ina mota ndogo yenye propela inayojikunja. Kazi ya mota hiyo ni kuipandisha tu. Ikishafika juu, naizima. Kuanzia hapo, kinachoiweka angani ni hewa yenyewe, pamoja na akili ya aliyeshika rimoti.

Hilo ndilo lililonileta. Hewa iliyo juu ya vichwa vyetu si utupu. Ina vilima na mabonde, ina mikondo, ina chemchemi zinazobubujika kwenda juu. Kwa kuwa hatuioni, tunapita ndani yake kila siku kama mtu aliyezaliwa ufukweni asijue kwamba maji yana mkondo. Mimi sijakutana na njia nyepesi ya kuanza kuiona kuliko glaida ya povu.

Nimetaja ufuko kwa sababu ndiko nilikotoka. Nilizaliwa Lamu, na babu yangu mzaa mama alikuwa nahodha wa jahazi. Mjukuu wa nahodha hasubiri mwalimu wa jiografia amweleze upepo. Anajua kwamba kuanzia Desemba hadi Machi ni kaskazi, itokayo upande wa Arabuni, na kwamba baada ya mvua kubwa huingia kusi, irudishayo. Majahazi ya Ghuba yaliteremka pwani yetu na ile ya kwanza yakarejea na ile ya pili, karne nyingi kabla ya injini. Babu alikuwa akinikalisha kwenye shetri, sehemu ya nyuma ya chombo, ananionyesha viraka vyeusi juu ya maji mahali upepo ulipogusa, hata kabla haujafika kwenye tanga letu. Tukiviona, tulijiandaa. Tulipokuwa hatuvioni, chombo kilikwenda mrama.

Nilipoletwa kufundisha huku juu nilidhani upepo ule nimeuacha nyumbani. Kisha Januari ya kwanza, Jumapili moja, nikatembea hadi ukingoni. Mnapajua: unasimama kwenye nyasi, hatua mbili mbele ardhi imekatika, na Bonde la Kerio limelala chini zaidi ya mita 1,000, na ng'ambo ile kuna vilima vya Tugen. Upepo ukanipiga usoni kutoka mashariki. Nikaufahamu palepale. Ilikuwa kaskazi, bila chumvi tu. Umepita nchi kavu, ukavuka vilima vya Tugen, ukaogelea juu ya bonde zima, na sasa umefika kwenye ukuta wa Elgeyo.

Sasa niambieni, upepo ukifika ukutani unafanya nini? Hauwezi kupenya, na hauwezi kusimama, maana mwingine unausukuma kutoka nyuma. Kwa hiyo unapanda. Hewa yote ile inayokuja kutoka bondeni inauparamia ukuta na kutokea juu, miguuni pako. Ndiyo sababu kila mwanzo wa mwaka mnawaona wageni kutoka Ulaya wakija na miavuli yao ya rangi, wanakimbia hatua tatu, wanaruka, na badala ya kuanguka wanapanda. Wametoka mbali kutafuta kitu ambacho ninyi mnakipumua mkienda shule.

Tufanye hesabu kidogo. Glaida yangu, ikiwa kwenye hewa iliyotulia, hushuka karibu nusu mita kila sekunde. Ukiiachia ikiwa mita 100 juu, una sekunde 200, yaani dakika tatu na ushee, kisha iko majanini. Lakini hewa inayopanda ukuta ule ikienda juu kwa mita moja kila sekunde, mambo yanageuka. Ndege haijaacha kushuka. Inashuka ndani ya kitu kinachopanda haraka kuliko inavyoshuka. Ni sawa na siafu anayeteremka kwenye kamba ya ndoo wakati ndoo inavutwa kutoka kisimani: yeye anakwenda chini, na bado anatokea juu. Nimewahi kurusha saa nzima pale ukingoni, mota imezimwa, nikienda na kurudi sambamba na ukuta. Sheria ya kurusha ukingoni ni moja, nayo haina mjadala: kila unapokata kona, kata kuelekea bondeni, kamwe usikate kuelekea mlimani. Ukigeukia mlimani, upepo uko mgongoni mwako, na ardhi inakuja haraka kuliko vidole vyako.

Na kuna upande wa pili wa ukingo, ule usiopigwa na upepo, ambao baharini tungeuita demani. Hewa ikishavuka kilele haishuki kwa adabu. Inajipindua na kujiviringisha, kama maji nyuma ya jiwe la mtoni. Niliipeleka ndege yangu ya kwanza nyuma kidogo ya ukingo ili itue kwenye nyasi laini, nikijua nafanya jambo la busara. Ilikuwa imebakiza mita tano hivi ifike chini. Hewa ikaikamata, ikaigeuza chali na kuitupa. Pua ilivunjika vipande vitatu. Nilivikusanya nikakaa chini pale, nikautazama mstari wa nyasi zilizolala na zile zilizosimama. Nyasi zilikuwa zimeniambia mapema. Nilikuwa sijazisoma.

Jambo jingine lililonishinda mwanzoni ni hewa ya huku yenyewe. Hapa tuko mita 2,400 hivi juu ya bahari, na hewa yetu ina uzito wa kama asilimia 80 tu ya ile ya Lamu. Wanariadha wa dunia nzima wanakuja hapa kufuata hewa hiyo nyepesi. Kwa bawa, wepesi huo una gharama. Ili libebe mzigo uleule, lazima liende kwa kasi iliyozidi kama asilimia 12. Nilizoea kuisukuma glaida kwa mkono laini ufukweni. Niliposukuma hivyohivyo hapa, ilidondoka mbele ya miguu yangu. Mkono wa pwani hautoshi huku. Unatembea hatua chache ukiukabili upepo, unaisukuma kwa nguvu, sawa na usawa wa ardhi, bila kuinua pua.

Sasa tuache ukingo. Wengi wenu hamkai ukingoni, na hewa inayopanda haihitaji ukuta. Inahitaji jua.

Jua halipashi hewa moja kwa moja kwa kiasi kikubwa. Linapasha ardhi, na ardhi ndiyo inayopasha hewa. Na ardhi haipati joto sawasawa. Shamba lililolimwa likaachwa wazi, barabara ya lami, uwanja wa murram, paa za mabati sokoni: hizi huchemka mapema. Shamba la mahindi mabichi, kinamasi, msitu: hizi hubaki baridi. Hewa iliyo juu ya sehemu ya moto inavimba, inakuwa nyepesi, inang'ang'ania ardhi kwa muda, halafu inajinasua na kupanda kama kiputo kwenye sufuria ya maji. Warushaji huiita thamo. Kisulisuli mnachokiona kikizunguka uwanjani saa sita mchana, kikiinua vumbi na makaratasi, mara nyingi ni mguu wa thamo uliojitokeza. Mtoto anakikimbia. Mrushaji anakikimbilia, au tuseme anaipeleka ndege yake kukizunguka akiwa juu na salama, maana chini kabisa kina nguvu ya kuvunja bawa.

Kwa kawaida hakuna vumbi la kukuonyesha. Basi utaijuaje? Ngozi yako inajua. Umesimama, upepo wa kawaida unakupiga kutoka mashariki, halafu unakufa. Joto kidogo linagusa shavu. Kisha upepo unarudi, ila sasa unatoka upande mwingine. Hapo kuna thamo imejinasua karibu, na hewa ya pande zote inakimbilia kujaza pengo lake. Upepo huo mpya unaelekea ilipo. Vilevile tazama ndege yenyewe. Ikiingia pembeni mwa thamo, bawa moja huinuliwa, kama mtu aliyeguswa kiwiko. Asiyejua huirekebisha ndege na kuendelea moja kwa moja. Anayejua hugeuka kuelekea lile bawa lililoinuka, kwa sababu chemchemi iko upande huo, kisha huanza kuzunguka.

Na kuna walimu wasiolipwa. Mbayuwayu wakikusanyika ghafla sehemu moja wakipinda na kupinduka, wadudu wamebebwa juu na hewa ya joto, nao wamewafuata. Mwewe akizunguka bila kupiga bawa, amekwisha kuipata thamo. Huyo mwewe wa sokoni, mnayemrushia mawe anapowaibia nyama, mtazameni mkia. Anaupinda huku na huku muda wote, kidogokidogo. Mkia wake ni usukani. Mara kadhaa mwewe amekuja akaingia kwenye duara moja na glaida yangu, mimi na yeye, hadi nikasahau kuangalia saa. Ninasema haya kwa moyo wote: katika miaka yangu ya kurusha, sijapata furaha inayofanana na hiyo.

Hii si hadithi ya kijijini tu. Mwanasayansi Mwingereza Colin Pennycuick alikaa Afrika Mashariki mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970, akawafuata tumbusi wa Serengeti angani kwa glaida yenye injini ndogo, akizunguka nao ndani ya thamo zilezile ili apime wanavyosafiri. Tumbusi anaweza kwenda umbali mkubwa kutafuta mzoga kwa kuruka kutoka thamo hadi thamo, bila kupiga bawa isipokuwa mara chache. Na tarehe 29 Novemba 1973, juu ya Abidjan, tumbusi wa jamii ya Rüppell aligongana na ndege ya abiria ikiwa kimo cha mita 11,300 hivi. Huko ndiko hewa inakoweza kumfikisha kiumbe anayeifahamu.

Lakini nataka niwasimulie ndege mwingine, korongo mweupe. Mnamjua: mwili mweupe, nusu ya nyuma ya mabawa nyeusi, mdomo na miguu myekundu, anatembea mashambani kwetu akiokota panzi na viwavi. Wengi hao si wenyeji. Wanazaliwa Ulaya na kuja huku kukimbia baridi, wanafika karibu na Novemba na kuondoka Machi au Aprili. Hawakatizi Bahari ya Mediterania. Wanaizunguka, wapite Bosphorus upande wa Uturuki kisha washuke kupitia Sinai, kwa sababu juu ya maji thamo ni haba, na korongo bila thamo atachoka afe. Njia yao yote imechorwa na hewa ya moto.

Huko wanakozaliwa, katika mji wa Anklam, Ujerumani, kulikuwa na kijana anaitwa Otto Lilienthal, aliyezaliwa mwaka 1848. Yeye na mdogo wake Gustav walikaa majanini wakiwatazama makorongo wakiruka na kutua. Watu wengine waliwaona makorongo. Wao walipima. Walipima umbo la bawa, jinsi lilivyopinda juu, na nguvu inayotokea hewa ikipita. Mwaka 1889 Otto akachapisha kitabu kuhusu namna ndege wanavyoruka kama msingi wa binadamu kuruka. Mwaka 1891 akaanza kuruka mwenyewe kwa mabawa ya fito na kitambaa, bila injini. Mwaka 1894 akajijengea kilima chake cha mita 15 karibu na Berlin ili aweze kuruka upepo utokako upande wowote. Aliruka kama mara 2,000. Tarehe 9 Agosti 1896 hewa ilimwinua pua ghafla, mabawa yakaishiwa na mwendo, akaanguka kutoka mita 15 hivi. Alifariki kesho yake. Ndugu wawili wa Marekani, Wilbur na Orville Wright, waliokuja kurusha ndege yenye injini, walianzia kwenye kazi yake.

Na makorongo aliowatazama yalikuwa ya jamii hii hii inayopitisha kipupwe cha Ulaya Afrika. Kila nikiwaona shambani Januari huwaza kwamba mtu yeyote wa huku angeweza kukaa majanini na kuwapima. Vilikuwepo vyote: ndege, hewa, na macho.

Turudi mezani. Wewe kijana wa mbele, njoo unishikie. Weka vidole viwili chini ya mabawa, hapo nilipochora alama, moja upande huu na moja ule. Inua. Mnaona? Imekaa sawa, haielekei mbele wala nyuma. Alama hiyo iko karibu na robo hadi theluthi ya upana wa bawa, ukipima kutoka ukingo wa mbele. Ndicho kitovu cha uzito, na hakuna kipimo kingine katika ndege hii chenye uzito kama hicho. Jahazi likipakiwa shehena yote tezini, yaani nyuma, omo, yaani pua yake, inainuka na chombo hakikai sawa. Ndege ni hivyohivyo. Mkia ukiwa mzito, pua inapanda, mwendo unakufa, bawa linaachwa na hewa, na ndege inaporomoka. Kilichompata Lilienthal kinaipata glaida ya mtoto vilevile. Sasa nasukuma betri nyuma sentimita mbili tu. Inua tena. Tazama mkia unavyolala. Mabadiliko haya yangeivunja ndege kabla hujahesabu hadi tano.

Asante, kaa.

Kuna usukani wa kwenda kushoto na kulia, na kibawa cha mkiani cha kuinua na kushusha pua. Kijiti cha rimoti kinaviendesha vyote viwili. Ndege ikienda mbali nawe, kushoto ni kushoto. Ikikujia, mambo yanageuka, na hapo ndipo wanaoanza wengi huivunja. Nitawapa dawa niliyopewa mimi: ikikujia na bawa moja linalala, sukuma kijiti upande wa bawa hilo linalolala, kana kwamba unaliwekea nguzo chini yake. Usifikirie kushoto na kulia. Weka nguzo. Na kabla ya kurusha, kila mara, hata kama ulirusha dakika kumi zilizopita, sogeza kijiti utazame mkia unakwenda upande gani. Niliwahi kubadilisha waya nikaunganisha kinyume. Ndege ilipaa vizuri, ikageuka kinyume cha nilichoiamuru, na ikaisha.

Iliisha, ila haikufa, kwa sababu ni povu. Watu wa zamani walijenga glaida kwa mbao nyepesi za balsa na karatasi, wiki nyingi za kazi, na kosa moja liliwarudisha mwanzo. Povu limewapa wanaojifunza haki ya kukosea. Povu la kisasa likivunjika, gundi ya moto inaliunganisha jioni hiyohiyo. Likibonyea, limwagie maji ya moto, litavimba lirudi. Lakini angalieni gundi: ile ya haraka inayouzwa kibandani huyeyusha povu la katoni. Jaribuni kwanza kwenye kipande kisicho na kazi. Mabawa marefu hutiwa fimbo ya kaboni ndani yasipinde. Jua kali la ndani ya gari lililofungwa huharibu povu na betri pia, kwa hiyo msiache kimojawapo humo.

Betri za lithiamu niziseme kwa ufupi na kwa ukali. Kila seli isizidi volti 4.2, wala isishuke chini ya 3. Chaji juu ya sakafu ya saruji au jiwe, ukiwa hapo, na kwa chaja yake. Iliyovimba haitumiki tena. Basi.

Kuhusu sheria, Kenya ina kanuni za vyombo visivyo na rubani zilizotungwa mwaka 2020, chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Hakuna mwanafunzi wa klabu hii atakayerusha chenye mota kabla ya mimi na Mwalimu Mkuu kuwauliza wenyewe tunatakiwa kufanya nini na kurusha wapi. Mwenye shamba naye ataombwa ruhusa. Mwavuli wenye mtu ukionekana, popote ulipo, tunashuka. Mtu aliyening'inia kwenye kamba hawezi kukwepa ndege yetu, na kilo moja inayokwenda kwa kasi inaua.

Lakini leo hatutangoja vibali, kwa sababu nimewaletea kitu kisichohitaji rimoti. Katika boksi hili kuna vipande 30 vya povu la katoni, nilivyovikata jana usiku. Kila kipande ni bawa la sentimita 40, mwili, na mkia. Kuna utepe wa gundi. Kuna sarafu za shilingi moja. Kaeni watatu watatu. Mkimaliza kuunganisha, isukumeni ndani ya ukumbi huu, ambamo hakuna upepo. Ikiinua pua ikasimama ikadondoka, bandikeni sarafu puani. Ikipiga mbizi, ondoeni. Mtabandika na kubandua hadi ianze kuteleza mstari mrefu, kama mtu anayetembea bila haraka. Andikeni ilikwenda hatua ngapi, na sarafu ngapi.

Zitakazoteleza vizuri tutatoka nazo. Saa nne hii, uwanja wa mpira umeanza kupata joto kuliko zile nyasi za kando, na nilipokuwa nikiingia nimeona mwewe mmoja amezunguka mara mbili juu ya goli la upande wa barabara. Walimu, naomba mtusaidie kugawa. Wewe uliyenishikia ndege, chukua boksi.